Aliyetoka Mwenyewe

Guangzhou, 21 Septemba 1997

Mdogo wangu Junus,

Assalaam alaikum. Mimi huku ni mzima, miguu tu ndiyo inayolalamika. Mpe Mama mkono wangu, na mwambie dawa ya magoti niliyompelekea ni ya kupaka, asiinywe kama ile ya mwanzo. Nimesikia Likoni kulichafuka mwezi uliopita na watu wakahama na magodoro kichwani. Nilikesha nikiwaombea, hata wewe.

Biashara inakwenda kwa kuvutana. Jana nilikuwa soko la nguo la Shahe na Blessing, yule Mchaga wa Moshi ninayepanga naye chumba. Alitaka suruali za jinzi. Laoban, ndivyo tunavyowaita wenye maduka huku, akataja bei yake, Blessing akataja yake, laoban akasema "mei you", yaani hakuna, nenda zako. Blessing akaenda. Kufika mlango wa pili akageuza shingo kutazama kama anaitwa. Basi! Laoban akacheka, akarudi kwenye chai yake. Nimemwambia mara ngapi: anayeondoka kweli hageuzi shingo. Ukigeuza shingo hujaondoka, unabembeleza. Mimi huondoka kama mwanamke aliyepewa talaka, na huitwa kabla sijafika kwenye ngazi.

Sasa salamu zimetosha. Anyango, mwenzetu wa biashara, alipita Mombasa kabla ya kuja huku, na amenieleza mbele za watu, tukila, kwamba umelifuta jina la Nasri miongoni mwa vijana watakaokwenda Nairobi kujaribiwa timu ya taifa ya kriketi. Nikacheka, nikijua ni utani. Akaniapia.

Junus, una wazimu? Mwanangu amepiga mbio zaidi ya mia katika fainali, mji mzima wa Mombasa umempigia makofi, na anayemfuta ni mjomba wake, kocha wake, anayelala naye nyumba moja! Watu baki wamemwona, wewe umemfuta. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nguo yangu ni wewe.

Nataka sababu, na nataka jina lirudi. Kwa mfuatano huo huo.

Dada yako,
Kazija


Mombasa, 19 Oktoba 1997

Dada Kazija,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika kwa mkono wa mtu wa Anyango, imelowa nusu, maana mvua hii wanayoiita El Nino haijui bahasha wala paa. Mama hajambo. Dawa ameinywa. Anasema ya kupaka haifiki ndani.

Umetaka sababu. Katika fainali Nasri alikuwa hajafikisha hata mbio kumi. Mpira ukaja, ukalamba ukingo wa gongo lake, ukadakwa na aliyesimama nyuma ya vijiti. Kwa sheria ametoka. Ampaya, yule mwamuzi mwenye koti jeupe, hakusikia. Mimi nilikuwa kando ya uwanja nikasikia. Mrushaji alisikia, akakaa chini kwa uchungu. Nasri alisikia kuliko sote, maana gongo lilikuwa mikononi mwake. Akatazama nyasi, akasubiri, akaendelea kupiga mpaka mia ikapita. Hayo ndiyo makofi uliyosimuliwa.

Kwangu mchezaji anayejua kwamba ametoka, hutoka mwenyewe. Hamngoji ampaya. Ni desturi, haimo katika sheria, na ndiyo kitu cha kwanza ninachowafundisha kabla sijawapa hata gongo. Vijana wote wanaijua. Wengi wao hawana viatu, lakini wanaijua. Nikimpeleka Nairobi mpwa wangu aliyeivunja mbele ya macho yao, nitawafundisha nini tena?

Jina halirudi. Mwakani atajaribiwa tena, ana miaka kumi na tisa tu.

Nami nina swali langu. Ulikwenda kwa miezi mitatu, sasa mwaka unakwisha. Mumewe yuko Malindi, wewe uko Uchina, mtoto yuko kwangu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mjomba, usinilaumu kwa mafunzo. Unarudi lini?

Ni mimi,
Junus


Guangzhou, 30 Novemba 1997

Junus,

Salaam. Huku baridi imeanza. Nimenunua koti la mitumba la Wachina lenye harufu ya samaki. Mama mpe pole.

Methali umeipinda makusudi ili unipige nayo. Haya, nimepigwa. Umeandika pia "mumewe" badala ya "mumeo", kama kwamba hujui jina langu wala jina lake. Kuhusu Malindi na kurudi kwangu, usiniulize tena. Akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini wewe umechagua.

Sasa nikukumbushe desturi yako ilivyotulisha. Baba alikupeleka Jamnagar kwa baba mdogo ukiwa na miaka kumi na tano, kwa sababu ulikuwa ukipiga mpira mpaka unavunja vigae vya jirani. Mimi nilikuwa na alama nzuri kuliko zako, nikatolewa shule nikae dukani nipime vitambaa. Ukacheza kwenye timu ya mkoa huko India misimu kumi na moja. Ukalala kwenye korido za treni karibu na choo, begi la magongo chini ya kichwa. Magazeti yakaliandika jina lako kila mara kwa herufi tofauti, na Baba akayakata yote akayabandika ukutani dukani, hata yale yaliyokuita Yunis.

Halafu ukaja ule mchezo wa Rajkot, wateuzi wa timu ya kanda wamekaa kivulini kwa ajili yako. Baba alitoa kiti nje ya duka, akawaambia Mtaa wa Biashara wote: safari hii Junus anachukuliwa. Ulikuwa na mbio themanini na nane. Mpira ukagusa gongo, hakuna aliyesikia, hakuna aliyedai. Ukavua glavu ukaondoka. Baba mdogo aliandika kwamba hukumtazama hata huyo ampaya! Ungemtazama ungeona amesimama tu, hana habari. Timu ikashindwa, wateuzi wakapanda gari, na wewe hukuitwa tena mpaka magoti yakaisha ukarudi Mombasa na sanduku moja.

Baba aliniuliza, "Kazija, mtu akiambiwa kaa naye akaondoka, maana yake nini?" Akarudisha kiti ndani. Alikufa akiwa hajakitoa tena, na aliyekuwa naye dukani miaka hiyo ni mimi, si wewe.

Kwa hiyo usimfundishe mwanangu kuondoka. Kuondoka tunakujua. Kama jina lake halirudi, Nasri atakuja huku, abebe marobota mtaa wa Guangyuan Xilu pamoja na wapagazi, ajifunze kwamba duniani mtu anakaa mpaka afukuzwe. Nitaagiza pasipoti yake.

Kazija


Mombasa, 25 Januari 1998

Kazija,

Mama ana homa kidogo. Barabara ya Nairobi ilikatika kwa mafuriko, majaribio yameahirishwa hadi Machi. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Leo asubuhi nimefika uwanjani nikakuta maboksi, na Bwana Cyrus, mwenyekiti wetu, anagawa nguo kama yuko harusini. Suruali nyeupe, mashati meupe, fulana za mikono mirefu, kwa kila kijana. "Zawadi ya Bi. Kazija kutoka China," anasema, meno yote nje. Kisha akanivuta pembeni akanisomea majina ya watakaokwenda Nairobi. La Nasri liko juu kabisa. Nikamwambia kocha ni mimi. Akaniambia, "Kocha ni wewe, Junus, lakini nguo hukuleta wewe." Atakayewapeleka vijana ni yeye.

Umeniruka, dada. Umenunua kwa suruali kile ambacho hukuweza kukipata kwa matusi. Na uso wangu mbele ya wale vijana umeuweka wapi?

Na hata hizo suruali ni aibu kwa binti wa muuza vitambaa. Mrushaji huusugua mpira pajani ili ung'ae upande mmoja, ndipo upinde hewani. Kitambaa chako ni cha nailoni, mpira unateleza kama sabuni. Vijana wanajisugua wanacheka. Wao wamevaa nguo zako. Mimi nimevaa suruali yangu ya Jamnagar.

Nasri amevaa ya kwako. Hakunitazama alipokuwa akiivaa, nami tangu leo simsemeshi habari ya mchezo. Anafungua mlango, tunasalimiana, tunakula. Umeshinda.

Junus


Guangzhou, 22 Februari 1998

Junus,

Mama apewe uji wa pilipili manga, na asiachwe na dirisha wazi.

Huku ilikuwa mwaka mpya wao. Maduka yalifungwa, wapagazi walikwenda makwao, mtaa mzima haukuwa na hata wa kuniambia "mei you". Blessing alikwenda Hong Kong. Nilikaa peke yangu chumbani nikila tambi za maji moto. Nakuambia ili usiseme kwamba huku nastarehe.

Sikukuruka. Nilikuomba ukakataa, nikapita mlango mwingine. Ndivyo biashara ilivyo. Ungekuwa umejifunza hivyo, leo ungekuwa kocha wa taifa, si wa kufundisha vijana juu ya busati la makumbi huku fimbo ya fagio ikiwa gongo lako.

Nailoni nilipewa kwa hila pale Zhongda, soko la vitambaa, juu ya robota waliweka pamba. Hilo nakubali. Mengine sikubali hata moja.

Nasri akichaguliwa, usithubutu kujigamba kwamba ni wewe.

Kazija


Mombasa, 29 Machi 1998

Dada Kazija,

Assalaam alaikum. Mama amepona, anakusalimu, anauliza kama Wachina wana nazi.

Majaribio yalikuwa juzi. Cyrus hakunipa nafasi katika gari la timu. Nilikwenda kwa nauli yangu nikakaa nje ya uzio pamoja na wauza karanga. Nakuandikia nilichokiona, maana Nasri hatakuandikia na Cyrus atakuongopea.

Alipiga vizuri sana. Mimi nimeona wapigaji wengi, wengine wakubwa, na nakuambia alipiga vizuri. Miguu ilikuwa inafika mapema, gongo liko karibu na mwili. Wateuzi walianza kuzungumza huku wakimwonyesha kwa kalamu. Nilijikuta nimeushika ule uzio, nikajishangaa.

Kisha mpira mmoja ukapita kando ya gongo ukadakwa nyuma. Mdakaji alipaza sauti, lakini kwa mazoea tu. Mimi nilikuwa mbali, sikusikia kitu. Mrushaji alikuwa tayari anarudi kuanza upya. Nasri akavua glavu, akatoka.

Hakuchaguliwa. Mteuzi mmoja nilimsikia akisema, "Huyu hajui anataka nini." Cyrus amempigia kelele ndani ya gari kuanzia Nairobi mpaka Mtito Andei.

Sikumfundisha mimi. Tangu ile Januari sikumwambia neno. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa mengine.

Junus


Guangzhou, 26 Aprili 1998

Junus,

Barua yako nimeisoma nimesimama katikati ya Guangyuan Xilu, wapagazi wananipiga vikumbo na marobota yao, wakinitukana kwa lugha yao. Nami nikawatukana kwa yangu.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi, utaona mwenyewe. Mmoja hakutosha! Nilikuwa na ndugu aliyeondoka, sasa nina mtoto aliyeondoka. Nguo zile nilizilipia kwa kushinda njaa, na yeye kazivaa aende kuvua glavu mbele ya wateuzi. Usiniambie hukumfundisha. Mtoto hafundishwi kwa mdomo peke yake, amekaa na wewe, ameona suruali yako.

Sitaki maelezo marefu. Nijibu kitu kimoja, na ujibu kweli, kwa jina la Baba. Kabla ya kutoka, alimtazama ampaya?

Mimi sijui kriketi lakini najua watu wanaoondoka. Wewe kule Rajkot hukumtazama, na kwa hilo nimekuchukia miaka yote hii, lakini angalau uliondoka kweli. Kama Nasri naye hakutazama, basi ni wako, mfuge, sina la kusema. Kama aligeuza shingo, basi alikuwa anapima bei, akajichanganya, akapoteza mali. Huyo ni wangu. Mtu wa namna hiyo anafundishika, na anayejua kumfundisha ni mimi. Nitumie pasipoti yake nimshughulikie viza, aje abebe marobota.

Alimtazama au hakumtazama?

Kazija


Mombasa, 20 Mei 1998

Dada Kazija,

Assalaam alaikum warahmatullah. Mama hajambo, jirani zake hawajambo, na mvua imekwisha. Nimeweka salamu zote kamili leo, kwa sababu sijui kama utaniandikia tena.

Nilikaa na swali lako wiki nzima. Ningeweza kuandika neno moja, ukaniachia mtoto. Nimemzoea, Kazija. Nyumba ikikosa viatu vyake mlangoni nitakuwa nimebaki mimi na Mama na chupa za dawa. Wala hakuna wa kunishtaki kwako, maana Cyrus wakati ule alikuwa anakunywa soda.

Alimtazama.

Aligeuza shingo kabisa, kama Blessing wako. Akamtazama ampaya, na ampaya akatikisa kichwa: kaa. Nikaona mabega ya Nasri yakishuka kwa nafuu. Mrushaji kakubali, wateuzi wamekubali. Kila mtu uwanjani alikwisha kumpa alichotaka. Akainama akashika gongo lake kama anayeanza tena. Ndipo akasimama, akavua glavu.

Mimi kule Rajkot sikutazama kwa sababu niliogopa. Ningeiona ile "kaa", ningekaa. Hilo nakuambia ulijue tu, si kwamba naomba kitu. Yeye aliiona, na akatoka.

Katika soko lako, laoban amemwita kwa bei yake mwenyewe na bado amekwenda. Wewe ndiye mjuzi wa watu wanaoondoka. Mimi sijui wa namna hiyo anaitwaje.

Ulisema akiwa ametazama ni wako. Pasipoti yake imo humu ndani ya bahasha. Mwenyewe anajua, na amesema kama ni amri ya mama atakuja.

Ndugu yako,
Junus


Guangzhou, 14 Juni 1998

Junus,

Waalaikum salaam. Mwambie Mama nazi zipo, lakini wanakunywa maji yake na kuitupa nyama.

Anyango anarudi kesho, atakuletea bahasha. Ndani utakuta pasipoti. Viza sikuomba.

Huku nimemuuliza Blessing, nimemuuliza Anyango, nimemuuliza hata laoban mmoja mzee wa Shahe, kwa vidole na kwa maneno machache ninayoyajua: mtu akiitwa kwa bei yake naye akaenda, ni mtu gani? Mzee akasema hajapata kumwona tangu aanze biashara. Nikamwambia mimi ninaye.

Usidhani nimekusamehe. Ya Baba yamebaki palepale, na suruali za Cyrus nazo ningezituma tena. Wewe ungeniandikia neno moja tu ukamaliza, ukashindwa hata hilo. Ndiyo maana huna kitu.

Zhongda nimepata kitambaa cha pamba, safari hii nimeliingizia mkono robota mpaka chini. Hakitelezi, nimekisugua pajani mbele ya watu. Nitumie vipimo vya Nasri, kiuno na urefu. Na vyako, maana Anyango ameniambia ile ya Jamnagar imetoboka nyuma, na wewe unainama mbele ya watoto wa watu.

Kazija